Hotuba na Swali: Uhakiki wa Hotuba za Kuamsha Ubunifu

Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipolihutubia Bunge akiwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, alitangaza kuundwa kwa wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana, akaeleza kwamba utamaduni ndio kiini na roho ya taifa lolote. Walimu wetu wamelirudia wazo hilo madarasani mara nyingi, na ni haki walirudie. Lakini kuna jambo moja ambalo husahauliwa, nalo ni kwamba wazo hilo lilitolewa kwa njia ya hotuba. Mtu alisimama mbele ya watu akasema. Na aliposhuka jukwaani, wizara ikazaliwa. Hotuba ile haikuishia katika makofi. Kwa hiyo tangu siku za mwanzo za uhuru wetu, sisi tumekuwa na kipimo cha hotuba njema: ni ile iachayo kazi nyuma yake.

Siku hizi vijana wetu wanasikiliza hotuba za namna nyingine. Huzipata katika simu za mkononi, kwa njia ya mtandao, nazo ni fupi, zimepambwa kwa picha, na karibu zote hulenga jambo moja: kumwamsha msikilizaji abuni, asanifu, athubutu. Msemaji huwa amesimama peke yake katika mwanga, giza limewafunika wasikilizaji, na baada ya dakika chache kila mtu husimama na kupiga makofi. Katika makala haya tumekusudia kuzihakiki hotuba hizo kwa vyombo ambavyo mwanafunzi wa fasihi anavifahamu, yaani fani na maudhui, fanani na hadhira. Hatukusudii kuzibeza, wala hatukusudii kuziimbia sifa. Tunataka kujua zinampa nini kijana wa Kitanzania, na zinamnyima nini.

Yafaa tuanze na mahali tulipoanzia kulifikiri jambo hili. Ruaha Mbuyuni ni kijiji cha barabarani. Msafiri atokaye Morogoro, akiisha kuipita Mikumi, huingia katika bonde la joto lililojaa mibuyu, akafuatana na Mto Ruaha Mkuu mpaka penye kijiji hicho, na hapo huwa ameingia Mkoa wa Iringa. Mbele yake mlima wa Kitonga humngojea. Mabasi yakipunguza mwendo, akina mama na vijana huyakimbilia na vitunguu, maana vitunguu ndivyo jina na chakula cha mahali pale. Hulimwa kwa maji ya mifereji katika ardhi ambayo mvua zake ni chache. Nayo maji ya Ruaha Mkuu, yakitoka bwawa la Mtera, hupita katika bonde hilo yakishuka Kidatu, ambako tangu mwaka 1975 yamekuwa yakizungusha mitambo ya umeme wa taifa. Basi mtu asidhani kwamba hapa ni mahali pasipo na ubunifu. Anayeyageuza maji ya mto yakapanda shamba lisilo na mvua, na anayeyageuza yakawa mwanga wa taa, wote wawili ni wasanifu.

Katika shule moja ya bonde hilo palifanyika siku ya kuwahamasisha wanafunzi. Tulialikwa tukiwa watumishi wa serikali, tukaketi meza kuu chini ya turubai. Mgeni rasmi alikuwa kijana hodari wa kusema, aliyevaa kipaza sauti kidogo mashavuni kama wavaavyo wale wa kwenye simu. Alitembea huku na huku, akanyamaza penye kunyamaza, akapaza sauti penye kupaza. Alisema kwamba kila mtoto ni mbunifu, kwamba mtandao umeifanya dunia kuwa kijiji, na kwamba asiyeota ndoto kubwa hawezi kufika mbali. Wanafunzi walimshangilia mno, na sisi pia.

Alipomaliza, binti mmoja wa kidato cha pili alinyosha mkono. Alisimama, akasema, "Shikamoo mgeni wetu. Vitunguu vya baba yangu huoza ghalani kabla bei haijapanda, tukalazimika kuuza vyote wakati wa mavuno kwa bei ya hasara. Naomba kuuliza, ghala lifaalo lisanifiwe namna gani?" Palikuwa na ukimya mfupi. Kisha mgeni akatabasamu, akamjibu kwamba aanze kuota ndoto kubwa kuliko vitunguu. Umati ukaangua kicheko. Binti akaketi, akainamisha uso. Nasi wa meza kuu tulicheka.

Hatukulisimulia jambo hilo kwa kumshitaki mgeni yule, ambaye hapana shaka alikuja kwa nia njema. Tumelisimulia kwa kujishitaki wenyewe. Katika saa mbili zile, mtu mmoja tu alikuwa amesema jambo la usanifu hasa: alikuwa na tatizo, alijua chanzo chake kwa kiasi, alijua hasara yake, na alitaka umbo la kitu ambacho kingeliondoa. Mtu huyo ndiye tuliyemcheka. Ilitupasa tujiulize: ni nini katika fani ya hotuba hizi kinachofanya swali la kweli lionekane kama kituko?

Fani hii ina asili yake. Mwaka 1984, huko Monterey katika jimbo la California nchini Marekani, msanifu majengo Richard Saul Wurman pamoja na Harry Marks walianzisha mkutano ulioitwa TED, herufi tatu zenye maana ya teknolojia, burudani na usanifu. Sheria yake mashuhuri ni kwamba msemaji asizidishe dakika 18. Kwa miaka mingi ulikuwa mkutano wa watu wachache wenye uwezo. Tangu mwaka 2006 hotuba zake zikaanza kuwekwa katika mtandao zisikilizwe bure na yeyote, na hapo ndipo fani yake ilipoenea duniani. Mwezi Juni 2007 mkutano huo ulifanyika Arusha, katika nchi yetu, chini ya usimamizi wa Emeka Okafor, mwenye asili ya Nigeria, na habari yake ilikuwa Afrika na sura yake inayofuata. Agosti 2017 ulirudi tena Arusha. Kwa hiyo hatuzungumzi juu ya jambo la ughaibuni tu. Jukwaa hilo limesimama katika ardhi yetu mara mbili.

Tutazame kwanza uzuri wa fani hiyo, maana mhakiki asiyeona uzuri hana haki ya kutaja ubaya. Uzuri wake wa kwanza ni ufupi. Sisi watumishi wa umma tunajua namna tunavyowachosha wananchi: nusu saa hupita katika kuwataja viongozi mmoja mmoja, na hata tunaposema kwamba itifaki imezingatiwa, bado tunaendelea kuitaja. Msemaji mwenye dakika 18 hulazimika kuchagua, na kuchagua ni nusu ya usanii. Mshairi anayebanwa na mizani nane kwa nane analijua jambo hili kwa uchungu. Uzuri wa pili ni kwamba wazo huvikwa kisa. Msemaji haanzi kwa tafsiri ya maneno bali kwa jambo lililotokea, kama babu aanzavyo jioni. Uzuri wa tatu ni kwamba picha na sauti hushirikiana, kama vile katika sanaa zetu za maonyesho ngoma na neno havitengani.

Lakini fani hiyo ina kasoro zinazotokana na uzuri wake wenyewe. Ufupi ukizidi, ugumu wa kazi hufichwa. Msikilizaji huona tatizo katika dakika ya pili na ushindi katika dakika ya kumi na tano, asione miaka iliyopita katikati. Kisa nacho kikimhusu msemaji mwenyewe daima, fanani huwa ndiye shujaa wa hadithi yake, na hadhira hutoka ikimpenda mtu badala ya kuielewa kazi. Kasoro iliyo kubwa kupita zote ni hadhira kuwekwa gizani. Hadhira hiyo ina kazi moja tu, kupiga makofi. Haijibu, haidakizi, haiulizi.

Hata Arusha mwaka 2007 palitokea jambo lililoonyesha kwamba hadhira iliyo hai hukataa giza hilo. Andrew Mwenda, mwandishi wa habari wa Uganda, alipokuwa akiukosoa msaada wa kigeni kuwa hauwasaidii Waafrika kujenga uchumi wao, mwanamuziki Bono wa Ireland, mtetezi mashuhuri wa msaada, alimpinga kwa sauti kutoka ukumbini. Wako walioona ni utovu wa adabu. Sisi twaona kwamba wakati ule mkutano ulikaribia kuwa baraza kwelikweli, kwa sababu wazo lilikutana na wazo.

Sasa tuyatazame maudhui, na hapa mfano ulio bora ni wa kijana William Kamkwamba wa Malawi, aliyepanda jukwaa lile la Arusha akiwa na umri wa miaka 19. Habari zake zinajulikana. Njaa iliyoikumba Malawi mwaka 2001 na 2002 iliwaacha wazazi wake wakulima bila ada, naye akatolewa katika shule ya sekondari. Hakukaa bure. Alikwenda katika maktaba ndogo ya shule ya msingi ya Wimbe, wilayani Kasungu, akakuta kitabu cha Kiingereza juu ya nishati chenye picha ya vinu vya upepo. Kiingereza chake kilikuwa haba, basi akasoma michoro. Kwa fremu ya baiskeli, feni ya trekta, mabomba ya plastiki na miti ya mikaratusi alisimamisha kinu kilichowasha taa nne na redio mbili nyumbani kwao. Watu waliokuwa wakimwona jalalani akiokota vyuma walidhani amerukwa na akili.

Ni nini kilichofanya kisa hicho kiwe kizito kuliko hotuba nyingi zilizopambwa? Kwanza, kazi ilitangulia neno. Kinu kilikuwa kimekwisha kusimama kabla kijana hajaitwa kusema. Wahenga walinena kwamba ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Pili, tatizo lilikuwa la nyumbani kwake: giza, njaa, na shamba linalongoja mvua. Hakuota ndoto kubwa kuliko mahindi ya baba yake. Aliota ndoto ya mahindi hayo hayo. Tatu, msaada alioupata ulitoka katika vitu vinavyoweza kuwekwa katika shule yoyote, yaani kabati la vitabu na ruhusa ya kuvisoma. Mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi hotuba ya Kamkwamba, na aionyeshe, lakini baada ya hapo awaulize, "Maktaba yetu iko wapi, na ufunguo anao nani?"

Kisa hicho kinatufungulia pia jambo la lugha. Kamkwamba mwenyewe, aliporudi katika jukwaa la mkutano huo huko Oxford mwaka 2009, alieleza kwamba siku ile ya Arusha Kiingereza kilimponyoka kwa hofu. Yafikirini hayo, ndugu walimu. Kijana aliyeweza kuufanya upepo uwe umeme alionekana mnyonge kwa sababu aliombwa aseme ushindi wake kwa lugha ya wengine. Mkutano ulifanyika katika nchi ambayo dereva wa basi, hakimu, mkulima na waziri huelewana kwa Kiswahili, na hata hivyo lugha ya jukwaa ilikuwa Kiingereza. Ni kweli kwamba wako watu wa kujitolea ambao wamezitafsiri baadhi ya hotuba hizo kwa maandishi ya Kiswahili, nao wanastahili shukrani. Lakini tafsiri humfanya Mswahili awe msikilizaji wa mawazo ya wengine. Kinachotakiwa ni awe msemaji wa yake. Tumewaona wanafunzi wakishindana kuhutubia kwa kuiga miguno ya Kiamerika, wakisahau kwamba lugha yao inayo maneno ya kazi hiyo: kubuni, kusanifu, kuchonga, kusuka, kuunda. Neno "usanifu" lenyewe lilikuwamo katika jina la chama cha washairi wetu, Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, yaani UKUTA. Wazee wale walijua kwamba shairi nalo husanifiwa, kama nyumba.

Katika mkutano ule ule wa 2007, Ron Eglash, mwanahisabati wa Marekani, alieleza namna usanifu wa Kiafrika unavyorudia umbo moja ndani ya umbo jingine lililo kama hilo ila dogo zaidi. Alitoa mfano wa makazi ya Waila wa Zambia, ambamo mpangilio wa kijiji kizima hufanana na mpangilio wa boma moja. Hotuba hiyo ina thamani kubwa kwetu, kwa kuwa inasema kwamba hisabati ilikuwamo mikononi mwa wazee wetu kabla haijaandikwa vitabuni. Lakini tujiulize pia, kwa nini ilitubidi tuambiwe hayo na mgeni? Iringa yetu ina wasukaji wa vikapu vya milulu ambavyo husafirishwa mpaka ng'ambo. Mama anayesuka kikapu hicho huhesabu, hupanua umbo na kulibana, wala hachori chochote kwenye karatasi. Ni mwalimu gani wa hisabati aliyewahi kumwalika darasani, akamketisha mbele, akawaambia wanafunzi, "Muulizeni"? Mama huyo huenda asijue kuhutubia. Ndiyo maana twasema kwamba taifa linalowasikiliza wasemaji hodari tu hupoteza nusu ya wabunifu wake.

Kwa upande wa mtandao, uko mfano wa Mkenya Ory Okolloh, ambaye naye alisema Arusha mwaka 2007. Miezi michache baadaye, machafuko yalipozuka Kenya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, alitoa wazo la kuwa na ramani ya mtandaoni ambamo wananchi wangeripoti maovu yaliyotendeka mahali walipo. Mwezi Januari 2008 yeye na wenzake, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia, walikuwa wamekwisha kuitengeneza programu hiyo, wakaiita kwa jina la Kiswahili: Ushahidi. Ilipata kutumiwa katika nchi nyingine nyingi, hata Haiti baada ya tetemeko la mwaka 2010. Tazameni kwamba chombo hicho kimejengwa juu ya tendo la kuwauliza watu wengi na kuyapokea majibu yao. Hakikujengwa juu ya mtu mmoja aliye katika mwanga na wengine gizani. Huo ndio mtandao katika ubora wake.

Hata hivyo, hotuba tunayoiona kuwa kubwa kuliko zote katika historia ya ubunifu nchini mwetu haikutolewa Arusha. Ilitolewa hapa hapa Iringa, katika shule ya Mkwawa, na hakuna anayekumbuka msemaji alisema nini. Kinachokumbukwa ni swali.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba. Wanafunzi walikuwa na desturi ya kutengeneza aisikrimu: huchemsha maziwa, hutia sukari, hungoja yapoe, kisha huyatia katika jokofu. Siku moja nafasi ilikuwa finyu, na Mpemba akihofia kuikosa, akayatia maziwa yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda, na ya mwenzake aliyeyatia bila kuyachemsha yalikuwa bado. Alimwuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa kwa masomo ya juu aliuliza tena, akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Na tangu hapo jina hilo likawa mzaha darasani.

Ndipo Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam alipokuja Mkwawa kuzungumza na wanafunzi. Alipowaruhusu waulize, Mpemba alisimama: ukichukua vyombo viwili vyenye maji ya kiasi kimoja, kimoja kikiwa na joto la nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukavitia katika jokofu, kile cha nyuzi 100 hutangulia kuganda, kwa nini? Wanafunzi wenzake walicheka. Mgeni hakucheka nao. Alimwuliza kama kweli amelifanya jaribio hilo, na alipojibiwa ndiyo, alikiri kwamba hajui, akaahidi kulijaribu akirudi Dar es Salaam. Na alilijaribu. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la ufundishaji wa fizikia la Uingereza, jina la mwanafunzi likitangulia jina la mhadhiri. Tangu wakati huo wanasayansi wa dunia huliita jambo hilo kwa jina la Mpemba. Mjadala wake haujaisha. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden wa Uingereza walichapisha vipimo vyao wakasema hawakuuona ushahidi wa kutosha. Lakini hata wanaopinga hulazimika kulipinga swali la mwanafunzi wa Iringa. Mpemba mwenyewe baadaye alifanya kazi katika idara ya wanyamapori, mtumishi wa umma kama sisi.

Linganisheni vicheko viwili. Mkwawa walicheka, na katika bonde la Ruaha tulicheka. Tofauti haikuwa katika akili ya wanafunzi wale wawili, wala katika ukubwa wa maswali yao, maana aisikrimu si kubwa kuliko kitunguu. Tofauti ilikuwa kwa mgeni. Mmoja alisema, "Sijui, nitajaribu." Mwingine alikuwa na jibu tayari, na jibu lililo tayari halina haja ya swali.

Tukirudi katika utamaduni wetu, tutaona kwamba swali si jambo la kuazima. Mtambaji wa ngano hawezi kuanza mpaka hadhira imwitikie. Asipoitikiwa, hadithi hailetwi. Washairi wetu, tangu enzi za gazeti la Mambo Leo lililoanza mwaka 1923, wamezoea kuulizana na kujibizana kwa beti, huyu akitoa fumbo, yule akilifumbua, wa tatu akiwasahihisha wote wawili. Marehemu Mathias Mnyampala aliitukuza ngonjera, ushairi ambao kiini chake ni watu kubishana mpaka ukweli ujitokeze, na wanafunzi wa miaka ya 1970 waliisema ngonjera kila sherehe. Waraka wa Mwalimu wa mwaka 1967 juu ya Elimu ya Kujitegemea nao uliitaka shule imjengee mwanafunzi akili ya kudadisi, na uwezo wa kujifunza kwa wengine kisha kukataa au kurekebisha kulingana na haja zake. Mwalimu huyo huyo alitufasiria tamthilia ya Shakespeare, Juliasi Kaizari, ambamo tunaona umati ukishangilia msemaji wa kwanza, na punde ukimshangilia wa pili aliyesema kinyume, kisha ukatoka kuchoma nyumba. Hakuna somo kali kuliko hilo juu ya hadhira isiyouliza. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Lakini wahenga hawakusema kwamba nyoka akitoka anajua aendako.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa walimu ni huu. Wanafunzi wazisikilize hotuba za mtandaoni, kisha wazihakiki kama wanavyohakiki riwaya: msemaji amechagua nini, ameficha nini, nani hakutajwa? Pili, anapoalikwa mgeni wa kuhamasisha, muda wa maswali uwe sawa na muda wa hotuba, na maswali yaandikwe ubaoni hata kama hayakujibiwa. Tatu, waalikwe pia wale wasiojua kuhutubia: mchimba mfereji, fundi baiskeli, msuka kikapu, nao wasiombwe kuhutubia, bali waulizwe. Nne, mwanafunzi ajifunze kueleza alichobuni kwa Kiswahili fasaha katika dakika chache, mradi kitu hicho kiwepo mezani kabla hajafungua kinywa.

Nasi tulikuwa na deni. Siku chache baada ya mkutano ule, tuliwauliza maofisa ugani na wakulima wazoefu swali la yule binti. Walitufunza kwamba kuoza huanza shambani kabla ya ghalani. Maji yakomeshwe kiasi cha wiki mbili kabla ya kuvuna. Mbolea ya kukuzia isitiwe kwa kuchelewa, maana huacha shingo nene isiyokauka. Kitunguu kikaushwe kivulini penye upepo mpaka shingo yake ifunge. Ghala liinuliwe juu ya ardhi, kuta na sakafu ziwe za chanja ili upepo upite pande zote, paa lizuie mvua na jua, na vitunguu vitandazwe kwa tabaka jembamba, visirundikwe. Tena vitunguu vilivyobanwa katika lumbesa, gunia lile lililoongezwa kilemba ili limpunje mkulima, huchubuka na kuoza upesi. Kumbe umbo la gunia nalo ni usanifu, ila ni usanifu wa dhuluma.

Tuliyaandika majibu hayo katika karatasi moja, tukampelekea mwalimu wake ayasome darasani. Pamoja nayo tuliandika kwamba siku ile sisi wa meza kuu tulicheka, na kwamba tulikosa. Hatukuona haya kuandika hivyo. Utamaduni wa taifa haujengwi na wasemao tu. Hujengwa pia na wale wanaokubali kwamba mtoto ameuliza jambo wasilolijua.